Anania Aliogopa, Lakini Alikwenda

Somo: Matendo ya Mitume 9:10–19, 1 Yohana 4:18

  Ninyi mlio hapa Kasongo mjini, ninyi wa Samba, Kunda na Kipaka, na ninyi ndugu zetu wa Kabambare, Lusangi na Salamabila mnaotegea redio kandokando ya moto asubuhi hii. Wababa, wamama, vijana, na ninyi wagonjwa mnaosikia mkiwa kitandani: amani ya Kristo iwe nanyi.

Leo tunasoma Matendo ya Mitume sura ya 9, tangu mstari wa 10 mpaka wa 19. Mwenye Biblia afungue. Asiye nayo asikilize tu, nitaeleza pole pole. Sura hii tunapenda kuihubiri kwa ajili ya Sauli: mwanga ulioshuka, sauti iliyomwita, namna alivyoanguka njiani karibu na Damasko. Mimi mwenyewe nimeihubiri hivyo mara nyingi. Lakini leo tumwache Sauli pale alipo, kipofu, ndani ya nyumba ya mtu anayeitwa Yuda, siku tatu bila kula wala kunywa. Tumwangalie mtu mwingine. Tumwangalie Anania.

1. Alikuwa mwanafunzi tu

Luka anapomtaja Anania hampi cheo. Hasemi ni mtume, hasemi ni mzee wa kanisa, hasemi ni nabii. Anasema alikuwa mwanafunzi mmoja pale Damasko. Basi. Kabla ya siku hiyo hatumsikii, na baada yake hatumsikii tena, isipokuwa Paulo anapomkumbuka katika sura ya 22.

Fikirini sasa. Mungu alikuwa anataka mtu wa kumwekea mikono yule atakayepeleka Injili kwa mataifa. Petro alikuwako. Yohana alikuwako. Lakini Bwana hakuwaita kutoka Yerusalemu. Alimtuma mtu wa mji uleule, anayejua njia zake, anayeweza kufika kwa miguu.

Sisi mara nyingi tunasema: kazi hiyo ni ya pasta. Mimi ni mwimbaji tu wa kwaya. Mimi ni mama, nauza mafuta ya mawese sokoni. Mimi ni kijana, nasukuma velo kati ya Kasongo na Kabambare, nimebeba mizigo ya watu. Ndugu yangu, dada yangu, kama wewe ni mwanafunzi wa Yesu, jina lako liko kwenye orodha ileile iliyokuwa na jina la Anania. Bwana anaweza kukuita leo usiku, na akakutaja kwa jina.

Na mtazame jambo lingine. Katika sura ya 22, mstari wa 12, Paulo anasema kwamba Anania alishuhudiwa vema na Wayahudi wote waliokaa pale. Si wakristo peke yao. Majirani wote. Hapa Kasongo tunakaa pamoja na ndugu zetu Waislamu tangu zamani za mababu wa mababu zetu. Tunachota maji kisima kimoja, tunauza soko moja, tunazikana. Nakuuliza: jirani yako asiyesali pamoja nawe, akiulizwa habari zako, atasema nini? Uanafunzi unaanzia pale, kabla ya mimbari.

2. Hofu yake ilikuwa na sababu

Bwana alipomwambia aende kwa Sauli, Anania hakusema haleluya. Alijibu kwamba amesikia habari za mtu huyu kwa watu wengi, mabaya aliyowatendea watakatifu kule Yerusalemu, na kwamba hata hapa Damasko amekuja na ruhusa ya wakubwa, awafunge wote wanaoliitia jina la Yesu. Kwa maneno mengine: Bwana, unajua unanituma kwa nani? Mimi ndiye niliye kwenye orodha yake!

Na Bwana hakumgombeza. Hakumwambia, wewe huna imani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mara ya pili: nenda.

Ninakaza neno hili kwa sababu katika makanisa yetu tunagombeza sana watu wenye hofu. Mama anaamka usiku akisikia mbwa wanabweka, anakusanya watoto, anashika kifurushi chake tayari kukimbia. Asubuhi anakuja kwenye maombi na tunamwambia hofu ni dhambi. Mama yule hakukosa imani. Mama yule ana kumbukumbu.

Nchi yetu ina kumbukumbu nyingi. Njia hii ya Kabambare mpaka Kasongo ni njia ya zamani. Wakati wa Tippu Tip misafara ilitoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe, na ilirudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 1871, soko la Nyangwe lilishambuliwa kwa bunduki, na watu wengi, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao, waliuawa au walizama katika Lualaba. David Livingstone alikuwa pale, aliona kwa macho. Baadaye walikuja watu wa Leopold. Wazee wetu wanakumbuka uasi wa 1964. Sisi wenyewe tunakumbuka vita vya 1996 na 1998. Na miaka hii ya karibuni, watu wa Kabambare wameiacha mihogo shambani na mpunga ghalani, wakapita njia ileile wakikimbia vikundi vyenye silaha, na kila mwenye macho anajua kwamba dhahabu ya upande wa Salamabila na Namoya haikuwaletea wote usingizi.

Kwa hiyo kizazi baada ya kizazi tumefundishwa jambo moja: mtu akitoka porini, funga mlango. Mimi sitawaambia leo kwamba hofu hiyo ni ya bure. Anania naye hakuogopa bure.

3. Upendo ulitembea pamoja na hofu

Basi aliwezaje kwenda? Yohana anatufundisha, katika barua yake ya kwanza, sura ya 4 mstari wa 18, kwamba upendo uliokamilika huitupa hofu nje. Tunaupenda mstari huu. Lakini wengi tunausoma kama vile hofu inatangulia kutoka, kisha tunaanza kupenda. Tunakaa nyumbani tunangoja. Tunasema: Bwana, siku utakayoniondolea hofu, siku ile nitakwenda kumwona fulani. Miaka inapita.

Yohana anasema upendo ndio unaoitupa nje. Basi lazima upendo uingie wakati hofu bado imekaa kwenye kiti. Anania aliondoka nyumbani kwake na hofu yake. Alipita ile njia iitwayo Nyofu, na naamini moyo ulikuwa unampiga. Alifika mlangoni, akaingia, akamwekea mikono yule mtu. Na neno la kwanza lililotoka kinywani mwake lilikuwa nini? Alimwita ndugu.

Angalieni, wapendwa. Wakati ule Sauli alikuwa hajabatizwa. Alikuwa hajaomba msamaha kwa mtu yeyote wa Damasko. Alikuwa kipofu, ana njaa, amekaa gizani, anaomba. Anania hakuwa na uhakika mwingine ila neno la Bwana. Akamwita ndugu juu ya neno lile peke yake.

Huo ndio moyo ambao Mungu anatupa. Paulo mwenyewe, miaka mingi baadaye, alimwandikia Timotheo kwamba Roho tuliyempewa si wa woga, ni wa nguvu, wa upendo na wa kiasi. Nadhani alipoandika vile aliikumbuka mikono ya Anania juu ya kichwa chake. Sisi watu wa Pentekoste tunaomba nguvu, na ni vizuri. Lakini nguvu bila upendo itakufanya upige kelele tu. Upendo bila nguvu utakufanya ulie mlangoni bila kuingia. Roho analeta vyote pamoja, na kiasi juu yake.

4. Mama aliyesogea kwenye benchi

Sasa niwaambie jambo langu mwenyewe, na ninalisema kwa haya.

Jumapili moja, katika kanisa dogo kwenye njia ya kwenda Kabambare, nilikuwa nimesimama kuhubiri. Kijana mmoja aliingia, akasimama nyuma. Watu waligeuka mmoja mmoja, na kanisa likanyamaza. Kila mtu alijua kwamba kijana yule alikuwa porini pamoja na wenye bunduki. Alikuwa ameacha silaha, amerudi kwa wazazi wake siku chache tu.

Mimi, mhubiri, nilikuwa na somo langu juu ya mwana mpotevu. Ndiyo, somo lilelile! Na nilipomwona, nilitafuta maneno ya kumwambia aningoje nje, tuonane baada ya ibada. Nilifikiri juu ya watu wangu. Nilifikiri pia juu ya ngozi yangu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Mama mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho. Ni mkimbizi, aliiacha nyumba yake upande wa Kabambare ikiwaka moto. Mama yule alisogea. Alisogea tu, nafasi ya mtu mmoja, akapiga benchi kwa mkono wake. Kijana akakaa. Mimi nikaendelea kuhubiri, lakini mahubiri ya siku ile yalikuwa yamekwisha kuhubiriwa.

Baada ya ibada nilimwendea. Nikamwambia, mama, Mungu akubariki, umesamehe kweli. Akanitazama, akasema: "Pasta, sijamsamehe. Moyo bado unauma. Nimesogea tu."

Wapendwa, neno lile limekaa nami mpaka leo. Mimi nilikuwa na somo, yeye alikuwa na benchi. Mimi nilingoja kusikia kitu moyoni. Yeye alimpa Bwana sentimita chache za ubao, na Bwana akazitumia.

Lakini habari haikuishia pale. Wiki iliyofuata baba mmoja wa kanisa lile alikuja kwa wazee. Alisema: kijana yule alikuwa kati ya wale walioninyang'anya velo na mizigo yangu njiani. Kama yeye anakaa, mimi naondoka. Wazee walikaa usiku mzima. Walimwita kijana, naye hakukana. Walimwambia: Mungu amekupokea, nasi tunataka kukupokea, lakini kitu cha mtu ni kitu cha mtu. Wakamsomea habari za Zakayo. Kijana alilima mpunga msimu mzima, na mavuno yake yakaenda kwa baba yule, sehemu ya bei ya velo. Deni lingine alilipa kidogo kidogo, franka kwa franka.

Je, leo ni marafiki? Nitasema kweli mbele za Mungu: hapana, bado. Baba yule anakaa upande mwingine wa kanisa. Lakini hakuondoka. Na siku ya msiba wa mama yake, kijana yule ndiye aliyechimba kaburi, na baba akampa mkono. Mungu bado anafanya kazi.

5. Shahidi mmoja kutoka Bukavu

Mtu anaweza kusema: pasta, hayo ni mambo ya kanisa dogo. Basi tumwangalie mtu ambaye dunia nzima inamjua, naye ni wa nyumba yetu ya Pentekoste. Daktari Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji wa Pentekoste. Akiwa mtoto alimfuata baba yake alipokwenda kuwaombea wagonjwa. Akamwuliza baba: unaomba, lakini mbona hutoi dawa? Baba akamjibu kwamba kutoa dawa ni kazi ya daktari. Mtoto akaamua moyoni kwamba atakuwa yule wa kutoa dawa, baba aendelee kuomba.

Mwezi wa kumi mwaka 1996, hospitali ya Lemera alipokuwa anafanya kazi ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani mwao pamoja na wauguzi. Angeweza kuikimbia nchi hii asirudi tena. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, chini ya kanisa la CEPAC, na hapo amewatibu maelfu ya wanawake waliobakwa na kuumizwa katika vita. Tarehe 25 mwezi wa kumi mwaka 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake kumwua. Mlinzi wake, aliyejaribu kumwokoa, akauawa. Daktari akaondoka na jamaa yake kwenda Ulaya.

Ni nini kilichomrudisha? Wamama. Wanawake maskini waliokuwa wametibiwa kwake, na wengine pamoja nao, waliuza matunda na mboga zao, wakachanga pesa za tiketi yake. Alirudi Bukavu mwezi wa kwanza mwaka 2013, akaendelea na kazi. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Watu wanasifu ushujaa wa daktari, na ni haki. Lakini mimi nawaona wale wamama. Upendo wao ndio uliompa moyo wa kurudi. Ndivyo ilivyo katika mwili wa Kristo: mmoja anapata ujasiri kwa sababu mwingine amempenda. Kama uko peke yako na hofu yako, usikae hivyo. Mwambie ndugu mmoja. Ombeni wawili.

6. Upendo haufichi ubaya

Nimalize kwa onyo, maana najua neno hili linaweza kutumiwa vibaya.

Kumwita mtu ndugu si kuficha alichotenda. Bwana alimwambia Anania wazi kwamba Sauli mwenyewe atapita katika mateso mengi kwa ajili ya jina lake. Na Paulo hakuficha historia yake. Aliisimulia mbele ya wafalme. Anayetoka porini aache silaha, apite katika mpango wa serikali wa kuwarudisha watu kwenye maisha ya raia, na kama kuna neno la kujibu mbele ya sheria, alijibu. Kanisa litasimama naye, lakini halitasema uongo kwa ajili yake.

Na kwa ajili ya dada zetu waliotendewa ubaya. Hakuna pasta, hakuna shemasi, hakuna mama mkubwa mwenye ruhusa ya kumlazimisha mwanamke akae karibu na yule aliyembaka, au kupokea mbuzi wawili mambo yaishe. Anania alitumwa na Bwana. Anania hakusukumwa na kamati. Jambo kama hilo likitokea, mpelekeni dada kwenye hospitali haraka, kabla masaa 72 hayajapita, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inatakiwa kuanzwa ndani ya muda huo. Kisha ombeni, na kaeni naye. Mtoto Denis aliona vizuri: maombi na dawa ni watoto wa nyumba moja.

Basi wiki hii tufanye nini? Nawapa kazi tatu.

Kwanza, taja mbele za Bwana jina la mtu mmoja unayemwogopa au usiyetaka kumwona. Jina moja tu. Mwambie Bwana kila kitu ulichosikia juu yake, kama Anania alivyofanya. Yeye anasikiliza.

Pili, katika mtaa wako kuna jamaa waliokimbia vita. Usipite mlango wao. Peleka sombe, peleka chumvi, au nenda kukaa nao tu, uulize wamelalaje. Wakiwa Waislamu, nenda. Wakiwa wa kabila lingine, nenda.

Tatu, Jumapili ijayo, ukikaa kanisani, tazama mlangoni. Akiingia mtu ambaye watu wanamgeukia, sogea.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, ulimwita Anania kwa jina lake, ukaisikia hofu yake, ukamtuma. Utuite nasi. Unajua tulivyoona, unajua tuliowazika. Hatuna nguvu ya kufika kwenye ile nyumba. Roho wako atushike mkono, atupeleke hatua moja leo na hatua nyingine kesho. Uwakumbuke vijana walio porini usiku huu, watafute kama ulivyomtafuta Sauli. Ulinde Kabambare, ulinde Kasongo, ulinde Maniema yote. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali kwa vikundi vya maombi ya nyumbani

1. Kwa nini Bwana hakumgombeza Anania alipoogopa? Hiyo inatufundisha nini juu ya kuwasikiliza wenye hofu kati yetu?

2. Someni Matendo ya Mitume 9:26–27. Barnaba alifanya nini waamini wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli? Nani katika kanisa letu anaweza kuwa Barnaba?

3. Majirani wetu wasiosali pamoja nasi wanatushuhudia namna gani? Tuseme kweli.